Sarufi ya Ledley inakataa nusu ya kromosomu zangu: kosa liko wapi?

Mzingo8 ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Naandika programu ya kuhesabu kromosomu zenye sentromia (kiungo kinachofunga kromatidi, nusu mbili za kromosomu) mbili, ambazo kuanzia hapa nitaziita disentriki, kwenye picha za metafezi (hatua ya seli kugawanyika ambapo kromosomu huonekana wazi), ili kukadiria dozi ya mionzi aliyopata mtu. Slaidi zimepakwa rangi ya Giemsa ya kawaida, bila michirizi. Lenzi ni ya 63 ya mafuta, na pikseli moja ni kama maikromita 0.1.

Hatua zangu: kizingiti cha Otsu (kutenga kromosomu na usuli kwa giza la pikseli), findContours ya maktaba ya picha ya OpenCV ili kupata mzingo, kisha msimbo wa mnyororo wa Freeman, unaoandika mzingo kama hatua za mielekeo 8. Mzingo nauvunja kuwa matao, na kila tao nalipa herufi: a ni ncha ya mkono, b ni ubavu ulionyooka, c ni bonde lenye kina kati ya kromatidi mbili, d ni kibonyeo kidogo cha sentromia, e ni ncha butu ambapo kromatidi zimefungana. Herufi zinazofanana zikifuatana naziunganisha, pamoja na ya kwanza na ya mwisho kwa sababu mzingo hauna mwisho. Mfuatano unaotoka naupa kichanganuzi cha sarufi cha Earley kilichomo kwenye Lark (maktaba ya Python), na sarufi ni ile ya Robert Ledley ya kueleza umbo la kromosomu:

S → S1 | S2
S1 → A A
S2 → B A
A → C A | A C | D E | F D
B → b B | B b | e
C → b C | C b | b | d
D → b D | D b | a
E → c D
F → D c

S1 ndiyo yenye sentromia karibu na kati, S2 ndiyo yenye sentromia mwishoni. A ni jozi ya mikono, C ni ubavu, D ni mkono mmoja.

Matatizo ni mawili. Kwanza, kati ya kromosomu zenye umbo la X zisizo na shaka yoyote, karibu nusu zinakataliwa. Nikizungusha picha nyuzi 90, baadhi ya zilizokataliwa zinakubaliwa na baadhi ya zilizokubaliwa zinakataliwa. Pili, disentriki zote zinaitwa S1, na hata vipande visivyo na sentromia vinaitwa S1. Je, nimekosea kuweka herufi, au sarufi yenyewe ina tatizo?

---

Kapi_na_Kamba amejibu:

Mkuu, yote mawili yanatoka kwenye sarufi na namna unavyoilisha. Herufi zako huenda ni nzuri tu.

Anza kwa kuikunjua sarufi hiyo. C peke yake inazalisha b zozote zikiwa na d moja au bila d. A inaweza kuongeza C upande wowote mara nyingi itakavyo. Ukifuata kanuni hadi mwisho, S1 yote inageuka kuwa rejeksi (kiolezo cha mfuatano wa herufi) moja:

[bd]\*ab\*cb\*a[bd]\*ab\*cb\*a[bd]\*

Na S2 ni hii: b\*e[bd]\*ab\*cb\*a[bd]\*

Yaani ingawa kanuni zimeandikwa kwa mtindo wa daraja la 2 la Chomsky (sarufi zisizotegemea muktadha), lugha yenyewe ni ya daraja la 3 (rahisi zaidi, ile ya rejeksi). Earley hana kazi hapo. Tena sarufi ina utata: kila b inaweza kudaiwa na mikono na mbavu kwa njia kadhaa. Ukiiweka Lark kwenye `ambiguity='explicit'` utaona rundo la miti kwa mfuatano mmoja wa herufi 16. Kama unataka kukubali au kukataa tu, utata haudhuru. Ukianza kubeba sifa (urefu, pembe, upana) juu ya mti, kila mti utakupa jibu lake, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Sasa tazama mfuatano halali wa kromosomu ya X: abcbabdbabcbabdb. Una herufi 16, na mzingo ukiwa hauna mwanzo, unaweza kuanzia popote kati ya sehemu 16. Jaribu zote kwa ile rejeksi. Zinazokubaliwa ni 8 tu: ukianzia kwenye d, kwenye b iliyo kushoto au kulia kwa d, au kwenye a ya kwanza ya jozi. Ukianzia kwenye a ya pili ya jozi, kwenye c, au kwenye b iliyogusana na c, mfuatano unakataliwa kwa sababu sarufi inadai kuiona a-c-a nzima bila kukatwa. Hiyo ndiyo nusu yako.

Kwa nini kuzungusha picha kunabadili jibu? findContours huchanganua mstari kwa mstari kutoka juu, kwa hiyo mzingo huanzia kwenye pikseli ya juu kabisa. Kwa kromosomu pikseli hiyo karibu kila mara iko kwenye ncha ya mkono, na ni bahati tu kama mkono huo ni wa kwanza au wa pili wa jozi kwa mwelekeo wa kufuata mzingo. Ulifanya vyema kuunganisha herufi ya mwanzo na ya mwisho. Usingefanya hivyo tao la a lingekatika vipande viwili, mfuatano ungeishia na a ya ziada, na ungekataa karibu zote.

Dawa: usimtegemee OpenCV akuchagulie mwanzo. Kama kuna e, zungusha mfuatano uanze kwenye e. Kama hakuna e, anza kwenye a inayotangulia c mojawapo. Njia nyingine ni kuurudufu mfuatano (s+s) na kutafuta ndani yake kipande chenye urefu wa s kinachokubalika. Kwa herufi 16 gharama haipo.

Hilo la pili nalo linaonekana kwenye rejeksi hiyohiyo. [bd]\* inaruhusu d sifuri na inaruhusu d mia. Ondoa d zote, unabaki na acaaca, yaani kipande kisicho na sentromia, na sarufi inakipokea kwa mikono miwili. Weka d mbili kila upande, unapata disentriki, nayo inapita. Ledley alichapisha kazi hii mwaka 1964, na lengo lilikuwa kupanga kromosomu za kawaida, basi hilo halikumsumbua. Kwako ndilo swali lenyewe.

---

Bi_Metafezi amejibu:

Niongeze upande wa maabara, maana sarufi haiwezi kuandikwa bila kujua slaidi inatoa nini.

Sarufi ya Ledley imejengwa juu ya c, bonde kati ya kromatidi mbili. Bonde hilo linaonekana pale tu mikono inapokuwa imeachana vya kutosha. Kwenye kromosomu za michirizi ya G, ambazo hukamatwa mapema zaidi zikiwa ndefu, kromatidi nyingi zimebanana na kromosomu inaonekana kama fimbo. Hapo c haipo kabisa. Anayejaribu sarufi hii kwenye picha za michirizi anapoteza muda. Kwa kazi hiyo michirizi yenyewe ndiyo alama, ikisomwa kama mfuatano kando ya mhimili. Giemsa ya kawaida, kama yako, ndiyo mahali pake.

Hata kwenye Giemsa ya kawaida, jozi moja ya mikono inaweza kuwa wazi na nyingine imefungana, katika kromosomu ileile. Kwa hiyo jozi ya mikono iwe na sura mbili. Tupa b zote baada ya kutumia urefu wake, kisha andika hivi:

P → a c a | e
moja → P d P d
mbili → P d d P d d
kipande → P P

Jihadhari na hiyo ya mwisho. Binadamu hana kromosomu za telosentriki halisi (zenye sentromia mwishoni kabisa), lakini anazo za akrosentriki (zenye sentromia karibu na ncha): 13, 14, 15, 21 na 22, jumla 10 kwa kila seli, na mwanamume ana Y juu yake. Mikono mifupi ya 21 na 22 ni midogo kiasi kwamba ukilainisha mzingo kidogo zaidi, d zinapotea na unabaki na acae. Kwa sarufi hiyo mpya, acae ni P P, yaani kipande. Basi utahesabu "vipande" vinne kwenye seli ya mtu mzima wa afya. Mfuatano wa P P wenye e moja na c moja, na urefu wa chini ya maikromita 3 hivi, usiupe jina. Uweke kwenye kundi la "haijulikani" jicho la mtu liutazame. Ukiwa na uwezo wa kutumia probu ya sentromia kwa FISH (kipande cha DNA kinachong'aa kinachojibandika kwenye sentromia), tatizo linaisha, ila gharama ya slaidi inapanda.

Kuna kosa la pili ambalo sarufi ya mzingo haiwezi kulikamata peke yake: kromatidi zilizojisokota. Mahali pa msokoto upana unapungua pande zote mbili na mzingo unatoa d na d, sawasawa na sentromia. Dalili ya kulitenganisha ni kwamba kwenye msokoto kromatidi zinapishana, hivyo rangi inazidi kuwa nzito pale upana unapopungua. Chukua wastani wa giza kwenye mstari unaokatiza d mbili zinazotazamana, ulinganishe na sehemu za jirani.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Disentriki haizaliwi peke yake. Kromosomu mbili zinapovunjika na kuungana vibaya, panatoka disentriki moja na kipande kimoja kisicho na sentromia. Hesabu: 44 zilizobaki, disentriki 1, kipande 1, jumla 46. Sentromia nazo ni 44 na 2, jumla 46. Kwa hiyo weka sarufi ya pili juu ya seli nzima: idadi ya vitu, idadi ya sentromia, na kila disentriki na kipande chake. Seli yenye disentriki 1 na sentromia 47 ina sentromia moja ya uongo mahali fulani. Seli yenye sentromia 44 huenda imepoteza kromosomu wakati wa kudondosha kwenye slaidi, na seli kama hiyo kwa kawaida haihesabiwi.

---

Mzingo8 amejibu:

Shukrani sana, mkuu Kapi na Bi Metafezi. Kuanzia kwenye e, au kwenye a iliyo kabla ya c, kumemaliza tatizo la kwanza.

Nimebadili sarufi, lakini sasa kuna zinazokataliwa ambazo kwa macho ni X safi. Hii ni moja. Nimeandika kila tao na jumla ya pembe iliyogeuka ndani yake kwa nyuzi, mbinuko ni chanya na mbonyeo ni hasi. B nimeziacha kwa kuwa ziko karibu na sifuri:

a +183, c −131, a +176, d −38, a +94, d −22, a +101, c −140, a +178, d −41

Nilikuwa nafikiria kuongeza urekebishaji wa makosa kwa umbali wa Levenshtein: herufi yoyote kuongezwa, kufutwa au kubadilishwa kwa gharama ya 1, kisha nachukua kundi lililo karibu zaidi. Mnaonaje?

---

Kapi_na_Kamba amejibu:

Vizuri kwamba umeweka pembe, zinaeleza kila kitu. Jumlisha zote kumi: unapata 360 kamili. Mzingo wowote uliofungwa usiojikata lazima ugeuke nyuzi 360 kwa jumla, hivyo hiyo ndiyo ukaguzi wa kwanza kabla ya sarufi yoyote. Ukipata 340 au 395, kuna tao umelikata vibaya au hujahesabu pembe za b. Ukipata −360 umefuata mzingo kinyume; geuza mpangilio wa pointi. (Ukikokotoa eneo kwa fomula ya kamba ya kiatu, alama yake ya chanya au hasi itakuonyesha mwelekeo mapema.)

Sasa tazama katikati: a +94, d −22, a +101. Jumla yake ni +173. Mikono mingine mitatu ina 176, 178 na 183. Kwa hiyo hayo matao matatu ni ncha moja ya mkono yenye kidonda kidogo, na d ya −22 si sentromia. Sentromia zako halisi ni −38 na −41. Weka kanuni ya sifa: mfuatano a d a ambao jumla yake iko kati ya +150 na +210, na urefu wake kwenye mzingo hauzidi mara 2 ya upana wa kromatidi, unageuka a moja. Baada ya hapo unapata acadacad, kromosomu ya kawaida.

Ungetumia Levenshtein yako ingetokea nini? Mfuatano wako ni acadadacad. Kufuta "da" ni gharama 2, unapata acadacad, ya kawaida. Kufuta ile a ya katikati na kuongeza d moja upande wa pili nako ni gharama 2, unapata acaddacadd, disentriki. Zimelingana! Programu itachagua ile iliyoandikwa kwanza kwenye msimbo. Ndiyo maana urekebishaji wa makosa wenye gharama sawa kwa herufi zote ni hatari kwenye tiba. Kama lazima uutumie, d isiongezwe kamwe, maana d ndiyo kitu unachokitafuta, na kirekebishaji kinachoruhusiwa kukiumba kitakiumba. Kufuta d kuruhusiwe pale tu sifa zake zinapokuwa dhaifu: pembe ndogo, au hakuna d inayoitazama upande wa pili. Na usikubali jibu ambalo linaizidi la pili yake kwa tofauti ndogo.

Kidonda hicho kwenye ncha kimetoka wapi? Nina hakika karibu yote kwamba kimetoka kwenye msimbo wa mnyororo. Freeman ana mielekeo 8, kwa hiyo mwelekeo huruka nyuzi 45 kwa mara moja. Kwenye mkono wenye upana wa pikseli 7, pikseli moja iliyozidi inatosha kutengeneza kibonyeo. Isitoshe, hatua ya mshazari ina urefu wa 1.41 na hatua iliyonyooka 1. Ukizihesabu sawa, mpindo unakuwa wa uongo kwenye kromosomu zilizolala nyuzi 45. Fanya hivi badala yake:

Usichore mzingo kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Chukua picha ya kijivu na ufuate kiwango kimoja cha mwanga. Find_contours ya scikit-image inatoa pointi zenye desimali, na ngazi za pikseli zinapungua sana. (Ukibaki na OpenCV, hakikisha ni CHAIN_APPROX_NONE. Mifano mingi mtandaoni inatumia SIMPLE, ambayo hutupa pointi za katikati kwenye mistari iliyonyooka, na hesabu yoyote ya urefu kwa kuhesabu pointi inaharibika kimyakimya.) Gawanya mzingo upya kwa nafasi sawa, pikseli 1 kila moja. Lainisha x na y kila moja kwa Gauss ya duara (mwisho wa mzingo unaungana na mwanzo) yenye sigma, yaani upana wa ulainishaji, wa pikseli 3, yaani maikromita 0.3 kwa kipimo chako. Kisha kokotoa mpindo kutoka kwenye vinyambuo (viwango vya badiliko) vya kwanza na vya pili.

Sigma ndiyo kisu chenye makali kuwili. Kromosomu ina upana wa pikseli 14 hivi kwako, na kibonyeo cha sentromia mara nyingi kina kina cha pikseli 2 au 3. Sigma ya 1 itakuacha na vidonda kama hicho. Sigma ya 6 itafuta sentromia zenyewe, na kromosomu fupi zitageuka viazi. Sigma ibaki ileile kwa maikromita kwa kromosomu zote; usiifanye iwe asilimia ya mzingo, kwa sababu sentromia ya kromosomu namba 1 si kubwa mara tano kuliko ya namba 21.

Na herufi uzitoe kwa jumla ya pembe ya tao zima, si kwa kilele cha mpindo. Kilele kinategemea sigma. Jumla haibadiliki sana. Utaona pia kwamba kwa X safi yenye ncha nne za karibu 180, c moja na d moja lazima zijumlike karibu −180, ili 720 ishuke hadi 360. Kwako −131 na −38 ni −169, −140 na −41 ni −181. Ziko sawa. Mpaka kati ya c na d uweke kwenye −80 au −90, na d yoyote iliyo juu ya −15 iite b.

---

Saruji_Mbichi ameuliza:

Samahani kuingilia. Mwaka huu wa leo, kwa nini mnahangaika na sarufi? Funzeni mtandao wa neva kwa picha elfu kadhaa, upewe kromosomu useme ni moja au mbili. Kazi kwisha.

---

Bi_Metafezi amejibu:

Ndugu Saruji, piga hesabu hii kwanza. Kwa mtu ambaye hajapata mionzi zaidi ya ile ya mazingira, disentriki huonekana kama 1 katika seli 1,000. Seli 1,000 ni kromosomu 46,000. Mtandao unaokosea mara 1 kwa kila 1,000, jambo ambalo wengi wangelisifia, utaripoti disentriki za uongo 46 mahali ambapo ya kweli ni 1. Miongozo ya IAEA (Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki) inasema tuhesabu seli 500 au disentriki 100, lipi litangulie. Wakati wa dharura, seli 50 kwa kila mtu. Kwenye seli 50, disentriki za uongo 2 zinaweza kumhamisha mtu kutoka "rudi nyumbani" hadi "alazwe".

Sijasema mtandao haufai. Kwa kutenga kromosomu zinazogusana unaishinda Otsu kwa mbali, na U-Net ya 2015 (mtandao wa neva wa kugawa picha sehemu kwa sehemu) na ndugu zake ni rahisi kufunza kwa kazi hiyo. Hata kuonyesha mahali penye sentromia unaweza. Ila acha useme "hapa pana sentromia, uhakika kiasi hiki", kisha sarufi ya kromosomu na sarufi ya seli ziamue kama usemi huo unaingia akilini. Kromosomu mbili zilizogusana ncha kwa ncha zinaudanganya mtandao vizuri sana, kwa sababu kwa umbo ni disentriki. Sarufi ya seli inakataa: vitu vimekuwa 45, na kipande hakipo.

Na likija swali la kwa nini seli namba 31 imehesabiwa, nataka kumwonyesha mkuu wa maabara d nne na upana wake, si asilimia.

---

Tawi_la_Tatu ameuliza:

Mjadala mzuri. Mimi nashughulika na mishipa ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho), kwenye seti ya picha ya DRIVE. Nawezaje kuleta njia hii huku? Mfuatano wa herufi hautoshi kwa kitu chenye matawi, au sivyo?

---

Kapi_na_Kamba amejibu:

Hautoshi, kwa sababu mfuatano una jirani wawili tu, mbele na nyuma. Kwenye tawi una jirani watatu. Hapo unaingia kwenye sarufi za miti na za grafu, ambazo King-Sun Fu na wanafunzi wake pale Purdue walizifanyia kazi sana miaka ya 1970. Lakini usiruke huko kabla ya kuuliza swali lako ni lipi.

Kama swali ni "mshipa huu umebana wapi", bado mfuatano unatosha. Chagua njia moja kutoka shina hadi ncha, unyooshe mhimili, uchore upana dhidi ya urefu, halafu ukadirie mchoro huo kwa vipande vya mstari. Kila kipande kipe herufi kwa mteremko wake: kushuka, tambarare, kupanda. Mbano ni kushuka, tambarare fupi ikiwepo, kisha kupanda. Kundi la Tadeusiewicz na Ogiela huko Kraków lilitumia njia ya aina hii kwa mishipa ya moyo na mifereji ya kongosho, wakichanganua kwa sarufi za LALR(1) (zinazochanganuliwa kwa kutazama herufi moja mbele) zenye sifa. Chora kingo mbili mbalimbali, usichore upana tu: mbano wa upande mmoja na mbano wa pande zote mbili ni vitu viwili tofauti kwa daktari, na upana peke yake hauvitenganishi.

Kama swali ni muundo wa mti wenyewe, hapo ndipo kazi ilipo. Picha za DRIVE ni 40, kila moja pikseli 565 kwa 584, na mishipa midogo ina upana wa pikseli 1 au 2. Ukiikondesha ramani ya mishipa hadi mhimili wa pikseli moja, utapata makosa ya aina mbili. La kwanza ni miiba: vijitawi vya pikseli chache vinavyochomoza kwenye kingo zenye mikwaruzo. Futa tawi lolote lenye ncha huru ambalo urefu wake haufikii upana wa mshipa linakotoka. Fanya hivyo kwa mzunguko, ukianza na fupi kuliko zote na kukokotoa vifundo upya kila mara. Ukifuta yote kwa mkupuo, mgawanyiko wa kweli wa mwisho utapoteza matawi yote mawili.

La pili ni gumu zaidi: mishipa miwili inapopishana, ukondeshaji hautoi kifundo kimoja cha njia nne. Unatoa vifundo viwili vya njia tatu vilivyokaribiana, na sarufi itaviona kama migawanyiko miwili mfululizo. Mti wako unaweza kupata mzunguko, na mti wenye mzunguko si mti tena. Unganisha vifundo viwili ambavyo umbali wake ni mdogo kuliko upana wa mshipa mnene kati yao, kisha oanisha njia nne kwa mwelekeo: zinazoendeleana kwa nyuzi karibu na 180 ni mshipa mmoja.

Hapo sarufi inaanza kulipa. Kwenye retina, kwa kawaida, ateri haipishani na ateri, wala vena na vena. Basi kanuni ya kupishana ni moja tu: ateri na vena. Ukijua aina ya njia moja kwenye makutano, umeijua ya pili, na aina hiyo inasafiri hadi kwenye majani yote ya mti. Mgawanyiko nao unabeba sifa ya upana: kwa kanuni ya Murray ya 1926, nusu kipenyo cha mzazi kikipandishwa kwa tatu kinakaribia jumla ya watoto wawili wakipandishwa vivyo hivyo. Kwa mshipa wa pikseli 2 usiidai, kosa la pikseli moja linaivuruga kabisa. Itumie kwenye mishipa minene iliyo karibu na diski (mahali neva ya jicho na mishipa inapoingilia), na uitumie kupanga njia zinazoshindana, si kukataa.

Anzia nje ya ukingo wa diski, si ndani yake. Ndani ya diski mishipa imelaliana hivi kwamba mhimili unaotoka hauna maana yoyote. Kila mshipa unaovuka duara hilo ni shina la mti wake, kwa hiyo picha moja ni msitu, na alama ya mwanzo ya sarufi yako iruhusu miti mingi.